Bibi Mektrida na Ini Lililovuka Masale

Bibi Mektrida wa Kirua Vunjo ameosha utumbo wa ng'ombe kwa miaka ishirini na saba, na kama unadhani hiyo ni kazi ya kukunja pua, hujamwona akiifanya. Anakaa kwenye jiwe bapa kando ya kijito, chini kabisa ya mfongo. Mfongo ni mfereji wetu wa maji ya kunywa, na ukionekana unaosha uchafu humo, wenye mfongo wanakutoza mtungi wa mbege, pombe yetu ya ndizi. Anavaa koti la mvua la marehemu mumewe, Mzee Yohana, lililobaki na kifungo kimoja tu. Anaingiza kijiti kwenye mwanzo wa utumbo, anausukuma, na mara utumbo wote unageuka ndani nje kama soksi. Huku anaimba nyimbo za kanisani za Kilatini ambazo hakuna kijijini anayejua maana yake. Yeye mwenyewe hajui.

"Utumbo mzuri unalia," aliniambia siku ya kwanza nilipokwenda kumtazama. "Ukiuvuta kati ya vidole unalia kwii. Ukinyamaza, basi huyo ng'ombe alikuwa na lake."

Nilicheka. Akaniwekea kipande mkononi. Nikavuta, kikalia kwii. Nikaomba kingine.

Aliolewa mwaka 1926. Siku ya nne ya ndoa yake mama mkwe alimtua mbele jani zima la mgomba lenye utumbo wa fahali, akamwambia, "Haya, mwali, tuonyeshe kwenu mlifundishwa nini." Kwao hawakuwa wamemfundisha hilo. Anasema alitapika mara mbili, akaosha, akatapika tena, akaosha tena, na jioni mama mkwe alipokula alisema maneno mawili tu: "Umeosha wewe." Tangu hapo kila anayechinja kuanzia kwetu mpaka kule karibu na barabara kuu hutuma mtu kumwita.

Sasa lazima nieleze desturi yetu, maana bila hiyo mambo yaliyotokea mwaka huu hayaeleweki. Kwetu ng'ombe anachinjwa kihambani, kwenye shamba la nyumbani, kati ya migomba, na wanaume peke yao. Mwanamke hasogei. Ini halifiki nyumbani kamwe. Linakatwa kwanza, linawekwa juu ya makaa hapohapo, na wanaume wanalila wakiwa wamesimama. Utumbo nao hauruhusiwi kukaa na wanaume. Unatolewa upesi, unapitishwa juu ya masale, ile mimea ya mpaka wa kihamba, na upande wa pili wanawake wanaupokea. Imekuwa hivyo tangu zamani na hakuna aliyewahi kulalamika. Wanaume wanajua ini, wanawake wanajua utumbo, na kila upande unadhani umepata kilicho bora.

Lakini Bibi Mektrida alikuwa na swali. Kwenye ule utando wa mafuta unaoshikilia utumbo kuna vimishipa vingi sana vyembamba. Vinakutana viwiliviwili, vinazidi kunenepa, mpaka vyote vinakuwa mshipa mmoja mnene kama kidole gumba. Halafu mshipa umekatwa. Kila ng'ombe, kila mbuzi, umekatwa palepale kwa kisu cha Mzee Aminieli, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye ndiye mchinjaji wetu.

"Shemeji," alimwuliza mara nyingi juu ya masale, "hii njia unayoikata huwa inakwenda wapi?"

"Inakwenda kwenye sufuria, shemeji. Osha."

Miaka ishirini na saba jibu likawa hilohilo.

Mimi nilimpelekea jibu la shuleni. Mwalimu wetu wa darasa la saba alikuwa amechora ubaoni tumbo, utumbo na ini, kila kimoja kwa chaki ya rangi yake, akatuambia ini ni la kutengeneza nyongo. Nilimchorea Bibi mchoro ule mchangani. Aliutazama sana, kichwa upande.

"Mwalimu wako amechora nyumba tatu nzuri," alisema, "ila hakuchora njia. Watu wa nyumba hizi hawatembeleani?"

Nilirudi shuleni nikamwuliza mwalimu, akaniambia nisiwe mjuaji.

Basi mwaka huu ndipo Nyange alipoanza kuumwa.

Nyange ni ng'ombe mweupe wa Primus, mtoto wa kiume wa Bibi. Ndiye ng'ombe wao pekee wa maziwa, na maziwa yake yalikuwa na mwenyewe. Mke wa Primus, Salvina, alikuwa amejifungua mtoto wao wa kwanza. Kwetu mzazi anakaa ndani miezi mitatu, halimi, habebi kuni, kazi yake ni kula mtori, kunywa maziwa na kunenepa mpaka akitoka watu waseme, "Loo, huyu ametunzwa." Salvina alikuwa ndani mwezi wa kwanza tu, na tayari kibuyu cha maziwa kilikuwa kinakuja nusu. Halafu robo.

Nyange alikonda mpaka ungeweza kutundika shuka kwenye nyonga zake. Alikuwa anaharisha. Chini ya taya akavimba uvimbe mlaini, kama mtu amemfungia mfuko wa maji. Mzee Aminieli alikuja, akamtazama mbele, akamtazama nyuma, akasema tumbo limechafuka. Akamnywesha majani machungu yaliyochemshwa. Nyange akaharisha zaidi.

"Mama," Primus alisema, "huyu hamalizi mwezi. Afadhali tumchinje Jumamosi ya wiki ijayo akiwa bado ana nyama. Baba mdogo amekubali kuja."

"Na Salvina atakunywa nini? Nyama?"

"Sasa mimi nifanyeje? Nimnyonyeshe mimi?"

Kutoka ndani, nyuma ya pazia, Salvina alicheka mpaka mtoto akaamka. Lakini Bibi Mektrida hakucheka. Alikwenda zizini akakaa na Nyange muda mrefu. Nilimwona akiokota kinyesi kwa kijiti, akikitazama kama mtu anayesoma barua.

"Utumbo wa namna hii nimeshauosha," aliniambia. "Mara tatu mwaka huu. Umepauka, mwembamba, hauna ile rangi ya manjano ya nyongo, na ukiuvuta haulii. Kila mara nilisema tumbo ni bovu. Sasa nafikiri tumbo halikuwa na kosa. Kuna kitu hakikulifikia."

"Kitu gani, Bibi?"

"Ningekijua ningekuwa nakaa hapa na mavi?"

Jumamosi iliyofuata ilikuwa ya Eliufoo, jirani yetu wa bondeni, aliyechinja dume kwa ajili ya kipaimara cha mtoto wake. Zilibaki siku saba Nyange naye afuate. Bibi alifika mapema kuliko wanawake wote, akasimama kwenye masale, akaita.

"Shemeji Aminieli!"

"Utumbo bado, shemeji! Ndiyo kwanza tunachuna!"

"Leo sitaki utumbo peke yake. Nataka uutoe pamoja na ini. Usikate ile njia."

Wanaume kama kumi walisimama na visu vyao. Halafu wakaanza wote kwa pamoja. Mwanamke anataka ini! Kesho atataka kidari! Keshokutwa atataka kuchinja mwenyewe na sisi tukae jikoni tukimenya ndizi!

"Ini siyo la kula," Bibi alisema. "La kuangalia. Mtarudishiwa."

"Shemeji, unajua kabisa mwanamke haingii hapa."

"Nimeingia? Angalia miguu yangu iko wapi." Kweli vidole vyake vilikuwa vimegusa masale, havikuvuka hata nusu inchi. "Wazee walisema mwanamke asiingie. Walisema ini lisitoke?"

Mzee Aminieli alimtazama mzee mwingine, yule akamtazama mwingine. Kila mmoja alikuwa anatafuta mahali ambapo wazee walisema ini lisitoke, na hakuna aliyepapata. Eliufoo, ambaye makaa yake yalikuwa yanapoa, akasema, "Mpeni basi, tule." Ndivyo ilivyoamuliwa.

Wanaume wanne walikuja wamebeba majani ya mgomba kama machela, juu yake utumbo, tumbo na ini, vyote vimeshikana. Wakavipitisha juu ya masale kwa heshima kama wanabeba padre mgonjwa. Na kwa kuwa ini lilikuwa limevuka, wao nao wakabaki wamesimama kando ya masale kulilinda. Hivyo kwa mara ya kwanza wanawake na wanaume wa Kirua wakatazama kitu kimoja kwa wakati mmoja, na mimi nikapenya katikati.

Bibi aliupata mshipa wake mara moja. Aliushika kwa vidole viwili akaufuata polepole, ukazidi kunenepa, na pale ulipokuwa unakatwa miaka yote haukukatwa. Uliendelea. Ukaingia katikati ya ini kama mfongo unavyoingia shambani.

"Ehee," alisema, kwa sauti ndogo sana.

Alitoboa mshipa upande wa utumbo, akachomeka bua la jani la papai, akapuliza. Ini likavimba! Lilitanuka mbele ya macho yetu kila upande kama unga uliotiwa hamira. Wanawake wakapiga makofi. Bibi aliondoa mdomo, akafuta midomo kwa koti la Mzee Yohana.

"Mnaona? Kila anachokula ng'ombe, kikishalainika utumboni, hakiendi mwilini moja kwa moja. Kinapelekwa hapa kwanza. Ni kama kahawa. Huwezi kuitoa shambani ukaipeleka baharini. Inapita ghalani kwa mkaguzi, anaishika, anainusa, anasema hii nzuri ipite, hii mbovu rudi. Ini ndiye mkaguzi."

"Na nyongo?" niliuliza, maana ya shuleni nilitaka nayo ipate nafasi.

"Nyongo ndiyo shukrani ya mkaguzi. Utumbo unapeleka chakula juu, ini linateremsha nyongo chini ili chakula cha kesho nacho kilainike. Nenda rudi, nenda rudi. Ngoja uone."

Aliubana mfuko wa nyongo ili maji ya kijani yateremke kwenye utumbo. Hayakuteremka. Alibana tena. Yakatoka matone mawili mazito, meusi meusi, basi. Akaomba kisu. Mzee Aminieli alimpa chake kwa mkono wa kulia, na Bibi akalipasua ini pale mirija ya nyongo inapokutana.

Kisu kililia. Krr, krr, kama kinakata mchanga.

"Hapo ndipo pagumu," Mzee Aminieli alisema. "Kila ng'ombe mzee anapo. Mimi huwa napakata nawapa mbwa."

"Kila ng'ombe mzee? Dume hili lina miaka mitatu."

Bibi alifungua mrija mmoja uliokakamaa kama kikonyo cha tumbaku, akaubana kwa kidole, na pakatoka kitu kama jani dogo bichi. Niliona ni jani, la upana wa ukucha, rangi ya udongo. Halafu jani likajikunja. Lilikuwa hai. Likatoka jingine, na jingine, na kumi.

Mke wa Eliufoo alipiga yowe. Mzee Aminieli alirudi nyuma hatua tatu, akatema mate. Nilimwona midomo yake ikicheza, anahesabu maini aliyokula tangu ujana wake.

"Shemeji," alisema kwa unyonge, "huwa tunayachoma vizuri sana, siyo?"

"Mpaka yanakuwa mkaa, shemeji. Utaishi."

Kicheko kilichotoka pale kiliwafukuza kunguru migombani. Siku hiyo wanaume walikula figo.

Bibi hakubaki kwenye kicheko. Alikuwa ameshageuka, anawauliza wanawake: dume la Eliufoo lilikatiwa majani wapi? Tindigani, mke wa Eliufoo akasema, kule chini penye maji, majani mabichi hata kiangazi. Wale ng'ombe wengine watatu wenye utumbo wa kimya? Tindigani. Na Nyange?

Dominika, binti mdogo wa Bibi, mwenye miaka kumi na mitano, alitazama chini. Zamani Salvina ndiye alikuwa anamkatia Nyange majani, na alikuwa anapanda juu kwenye miinuko mikavu. Tangu mimba ilipomlemea, miezi sita nyuma, kazi ilikuwa ya Dominika.

"Tindigani, mama. Ni karibu. Na ni laini, Nyange anayapenda."

"Sijakugombeza," Bibi alisema. "Hata mimi ningekwenda karibu."

Alifunga kipande cha ini na mirija yake, na kipande cha utumbo bado kimeshikana nacho, kwenye majani ya mgomba. Akakitia kwenye chungu na kukitumbukiza kijitoni, maana maji yetu yanatoka mlimani na yanagandisha meno. Jumatatu alfajiri akakitia kapuni na kuanza safari ya Moshi kwa miguu.

Safari hiyo sikuwapo, nilikuwa shuleni, lakini nimeisikia mara nne na kila mara anaigiza sauti zote, kwa hiyo ni kama nilikuwapo. Aliongozana na wanawake wanaokwenda soko la Kiboriloni, ambao baada ya maili mbili walimwomba kwa adabu atembee nyuma yao. Baada ya maili tano walimwomba bila adabu. Walipoachana naye Kiboriloni, mmoja alimwambia, "Mama, chochote ulichobeba, kizike."

Kwenye ofisi ya mifugo ya mjini alimkuta kijana mmoja anaitwa Bwana Abasi, mtu wa Njoro, Mwislamu, kanzu yake nyeupe imepigwa pasi mpaka imesimama. Nyuma ya meza alisimama haraka.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Umetuletea kitoweo?"

"Fungua kwanza. Ukitaka kula, sitakukataza."

Bwana Abasi alifungua, akarudisha kichwa nyuma, kisha akainama karibu kabisa. Anasema Bibi kwamba uso wa kijana yule ulifunguka kama wa mtu aliyekutana na ndugu yake stesheni. Alivuta kioo cha kukuzia, akaketi, akamwambia naye aketi. Watu waliokuwa kwenye mstari walikwishaondoka wenyewe kwa sababu ya harufu.

"Hawa ni minyoo bapa wa ini," alisema. "Ila, Bibi, sijawahi kuletewa hivi. Wachinjaji wananiletea ini, wenye ng'ombe wananiletea kinyesi. Wewe umeniletea na barabara."

"Wanapita hapa?" Bibi akauliza, akionyesha mshipa wake kwa fahari.

Na hapa, kila anaposimulia, Bibi Mektrida hujicheka mwenyewe, kwa sababu Bwana Abasi alitikisa kichwa. Hapana. Minyoo hao hawana adabu ya kufuata barabara. Mayai yao yanatoka na kinyesi, yanaanguka majini, vitoto vinaingia ndani ya konokono wadogo wa tindigani, vinatoka vikiwa vingi zaidi, vinagandamana kwenye majani na kungoja. Ng'ombe anakula majani. Wakifika utumboni wanatoboa ukuta, wanakatiza tumboni, wanaliingia ini kutoka nje kama wezi wanaopitia darini. Wanalila miezi miwili mpaka wanapofika kwenye mirija ya nyongo, na humo wanakaa, wanakomaa na kutaga. Mayai yanateremka na nyongo kurudi utumboni, na kutoka tena.

"Kumbe wanaijua njia ya kurudi," Bibi akasema.

"Ya kurudi wanaijua sana. Na mirija ikiziba, nyongo haishuki, utumbo unabaki na chakula kisicholainika, ng'ombe anahara. Ini nalo limechoka, halitengenezi ile nguvu inayoshika maji ndani ya damu, ndiyo maana maji yanakusanyika chini ya taya. Kwa hiyo mgonjwa wa kwanza ni ini, ila anayelia ni tumbo."

"Na binadamu?"

"Binadamu vilevile, Bibi. Chakula chake, dawa yake, pombe yake, vyote vinapokelewa na ini kwanza."

"Nitamwambia shemeji yangu hilo la pombe."

Bwana Abasi alimpa dawa, unga mweupe wenye harufu kali kama kafuri, wa kukoroga na maji na kunywesha kwa chupa. Lakini alimshika mkono kabla hajautia kapuni. Dawa hii, alisema, ndiyo inayofuata barabara yako, kutoka utumboni mpaka ini. Ini la Nyange ni bovu, na wa kwanza kupigwa na dawa ni ini hilohilo. Ng'ombe dhaifu akipewa yote mara moja anaweza kufa siku hiyohiyo. Mpeni majani makavu ya juu siku nne apate nguvu. Halafu nusu. Akivuka siku tatu, nusu ya pili. Na maziwa yasinywewe mpaka siku sita zipite baada ya hapo.

Hapo ndipo ugomvi wa nyumbani ulipoanza, na huo niliusikia kwa masikio yangu, kwa sababu nusu ya kijiji tulikuwa uani.

Primus alihesabu kwa vidole. "Mama, siku nne zinatufikisha Ijumaa. Jumamosi baba mdogo anakuja na kisu. Nikimpa dawa Ijumaa na akafa, sina maziwa na sina nyama. Nyama ya dawa nani atakula? Nitamzika ng'ombe mzima kama Mkristo!"

"Na ukimchinja, una nyama wiki moja. Halafu?"

"Halafu angalau tumekula!"

"Mzee Aminieli, wewe unasemaje?" mtu mmoja akauliza.

Mzee Aminieli alikuwa amekaa pembeni na kibuyu cha mbege ambacho tangu aambiwe habari za ini alikuwa anakinywa kwa funda ndogo ndogo, kama dawa. "Mimi," alisema, "nimekata barabara ile miaka yote na sikuuliza inakwenda wapi. Leo mkiniuliza mimi mnakosea mlango. Muulizeni shemeji."

"Msimwulize yeye wala mimi," Bibi alisema. "Muulizeni anayekunywa."

Tukageukia pazia. Salvina hakutoka, maana siku zake hazijatimia, lakini sauti ilitoka, na haikuwa ya kicheko.

"Primus."

"Naam."

"Mpe dawa. Nitakunywa uji wa ulezi, sijafa. Akifa, tumemzika pamoja. Akipona, mwanao amepata maziwa ya mwaka mzima. Na Dominika apande juu, asipite tena tindigani hata kuchungulia."

"Naam," Primus akasema, safari hii taratibu.

Dominika alipanda miinuko kila siku kabla jua halijatoka. Siku ya nne Nyange alipewa nusu ya kwanza. Primus alishika pembe, Mzee Aminieli akashika ulimi, Bibi akamimina. Jioni ile Nyange alilala akatandaza shingo, hakutaka hata jani la mgomba. Primus alikaa zizini siku nzima ya Jumamosi ambayo angechinja, akimpungia nzi kwa tawi. Kisu cha Mzee Aminieli kilikuwapo, kimefungwa ndani ya gunia, na hakuna aliyekitazama. Mimi nilikuja mara tano. Mara ya tano, karibu na adhuhuri, Nyange aliinuka miguu ya nyuma, akapumzika, akainuka miguu ya mbele, akanywa ndoo nzima ya maji. Bibi Mektrida alikwenda nyuma ya migomba peke yake, na aliporudi macho yalikuwa mekundu akasema ni moshi. Hapakuwa na moto.

Nusu ya pili akaipokea vizuri. Zikapita siku sita. Maziwa yalimwagwa kila siku, na kila siku yaliyomwagwa yalikuwa mengi kuliko ya jana, mpaka ikawa inauma kuyamwaga. Kile kinyesi kikashikana, kikapata rangi. Bibi alikitazama kwa kijiti chake na kunionyesha. "Nyongo imeshuka," alisema. Mfuko chini ya taya ukanywea ukabaki ngozi tupu inayoning'inia.

Siku ya saba Primus alichukua kibuyu safi, akachuchumaa kukamua maziwa ya kwanza ya kunywa. Sote tulikuwa tumesimama mlangoni mwa zizi, hata pazia la Salvina lilikuwa limefunguka upana wa mkono. Alikamua robo, nusu, kibuyu kikakaribia shingoni. Ndipo Nyange, ambaye miezi mitatu hakuwa na nguvu hata za kufukuza nzi, aliinua mguu wa nyuma na kumpiga Primus teke safi la paja. Primus akaanguka chali kwenye kinyesi, kibuyu amekikumbatia kifuani, maziwa yamemruka usoni mpaka kwenye nyusi.

Primus alitazama kibuyu. Kilikuwa bado kimejaa zaidi ya nusu. Alilamba maziwa yaliyokuwa mdomoni mwake, akafikiri kidogo.

"Mama," alisema akiwa palepale chini, "mpelekee Salvina. Huyu amepona."